Nanasi Moja, Chupa Moja: Hesabu ya Mvinyo Niliyoikuta Kiwangwa

Muhula uliopita tulipewa kazi ya kuandika darasani. Kisa kilikuwa hiki: familia moja huko Ufaransa ina shamba dogo la mizabibu na inatengeneza mvinyo wa aina mbili. Biashara inakwenda vizuri. Sasa wanataka kuongeza hekta za mizabibu na kufikisha aina sita za mvinyo. Washauri.

Nilijaza kurasa nne. Nikawaambia wakope, wapande, wabuni lebo za kisasa, watafute soko la Asia. Karatasi iliporudi, mhadhiri alikuwa ameandika swali moja tu kwa kalamu nyekundu, pembeni ya aya niliyoiona nzuri kuliko zote: “Na huo mvinyo utauweka wapi?”

Kusema kweli niliona kanionea. Nimeandika mambo ya masoko, yeye ananiuliza mambo ya stoo! Nikaikunja karatasi, nikaisahau. Desemba nikafunga mizigo, nikarudi nyumbani Kiwangwa. Huko ndiko swali lile liliponikuta tena, safari hii likiwa na ardhi ya bibi yangu ndani yake.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya wanachuo wenzangu wa kilimo, biashara na uchumi, na kwa yeyote ambaye nyumbani kwao anaitwa “msomi” na huletewa karatasi asaini au ashauri. Ni somo dogo kuhusu kupanua biashara ya mvinyo, ila nadhani linagusa hata anayefuga kuku.

Karatasi ya mjomba

Kwa asiyeijua, Kiwangwa ni kata ya Wilaya ya Bagamoyo, mkoani Pwani, upande wa Halmashauri ya Chalinze. Ukitoka Bagamoyo mjini kwa lami ya kwenda Msata utaipita tu, na utajua umefika kwa sababu ya mananasi. Yamepangwa kwenye meza za miti kando ya barabara, na msimu ukikolea yanarundikwa hata chini.

Mjomba wangu ana ekari 3 za mananasi. Bibi, mama yake, ana ekari 2 zinazopakana na zake. Mwaka juzi mjomba alijifunza kutengeneza mvinyo wa mananasi na akanunua mapipa 6 ya plastiki, ya lita 200 kila moja. Mpaka sasa ni majaribio; hajaanza kuuza, maana hana vibali. Lakini waliouonja waliusifu, na sifa hulevya kuliko mvinyo wenyewe.

Nilipofika, baada ya shikamoo na marahaba, akanitandikia karatasi mezani. “Mjomba, wewe ndiye uliyesoma. Nisomee hesabu hii uniambie kama iko sawa.”

Mpango ulikuwa hivi: akope, anunue ekari 5 nyingine, apande zote mananasi, kisha atoe mvinyo wa aina nne: mkavu, mtamu, wa povu, na wenye tangawizi. Dhamana ya mkopo ni hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lake, pamoja na ya shamba la bibi.

Nikaangalia ile karatasi. Ilikuwa ni insha yangu kabisa, tofauti ni kwamba yake haikuwa na alama nyekundu. Nikajikuta namuuliza, bila kufikiri, “Na huo mvinyo utauweka wapi?”

Akacheka. “Kwenye mapipa, utauweka wapi tena?”

Basi tukachukua kalamu tukaanza kuhesabu.

Kwanza, mvinyo unapatikanaje

Mvinyo ni juisi ya tunda ambayo sukari yake imeliwa na hamira. Hamira inakula sukari na kutoa vitu viwili: kilevi, na hewa ya kabonidioksidi ambayo ndiyo unayoiona ikitoa mapovu. Kanuni inayotumika ni kwamba takriban gramu 17 za sukari katika lita moja ya juisi hutoa asilimia 1 ya kilevi.

Juisi ya nanasi lililoiva vizuri huwa na sukari kama gramu 130 kwa lita. Gawanya kwa 17, unapata kilevi cha asilimia 7 na ushee. Hicho ni kidogo kwa mvinyo unaotakiwa kukaa muda mrefu bila kuharibika. Kwa hiyo watengenezaji wengi huongeza sukari, tuseme gramu 80 kwa lita, ili wafike asilimia 12. Zabibu iliyoiva sawasawa haihitaji nyongeza hiyo, kwa sababu sukari yake yenyewe inatosha. Hii ni tofauti ya kwanza kati yetu na Mfaransa, na ni tofauti ya fedha: sukari ya dukani inaingia kwenye gharama za kila pipa.

Baada ya kuchachuka, mvinyo hauko tayari. Hamira iliyokufa na nyama za tunda zinatuama chini kama mashapo. Unauhamisha kwa mpira kwenda pipa jingine safi, unaacha utulie, unauhamisha tena, mpaka uwe angavu. Kwa mjomba kazi hii yote huchukua kama miezi 2. Katika miezi hiyo pipa limeshikwa. Huwezi kutia kitu kingine.

Hapo ndipo penyewe. Shamba linaweza kukupa matunda ya siku kumi mfululizo, lakini pipa likijaa, limejaa.

Hesabu ya mapipa

Tulichukua ekari moja tu kama mfano. Mjomba anapanda kwa mistari miwili miwili: sentimita 30 kati ya mche na mche, sentimita 60 kati ya mistari miwili iliyo jozi, na njia ya sentimita 90 kabla ya jozi inayofuata. Kila mche unachukua kama mita za mraba 0.225. Ekari ina mita za mraba 4,047. Kwa hiyo ekari inaingia miche karibu 18,000.

Si kila mche hutoa tunda zuri. Tukasema asilimia 70, yaani matunda 12,600. Uzito tukauweka kilo moja na nusu kwa tunda. Jumla: kilo 18,900, karibu tani 19.

Ukimenya na kukamua, tukakadiria kwamba nusu ya uzito inakuwa juisi: lita 9,450.

Pipa la lita 200 hulijazi hadi juu, kwa sababu povu litafurika. Mjomba hutia lita 160. Gawanya 9,450 kwa 160. Unapata mapipa 59.

Mapipa 59 kwa ekari moja! Yeye ana 6.

Tulirudia mara mbili kwa simu yangu, jibu likawa lile lile. Ekari 5 alizotaka kuongeza, zikizaa msimu mmoja na zote zikaenda kwenye mvinyo, zingehitaji mapipa 295. Sukari kwa gramu 80 kwa lita ingekuwa zaidi ya kilo 750 kwa ekari, yaani magunia 15 ya kilo 50, na hapo hatujazidisha kwa 5.

Kisha nikahesabu chupa. Lita 9,450 ukizigawa kwa chupa ya mililita 750, unapata chupa 12,600. Ni idadi ile ile ya matunda. Yaani kwa makadirio yetu nanasi moja ni chupa moja. Baadaye nilimwonyesha mjomba shamba lake nikamwambia, “Usione mananasi. Ona chupa. Kila unapoona nanasi, mtafute mtu mmoja atakayelipia chupa hiyo.” Akanyamaza kidogo. Ekari 5 ni chupa 63,000. Watu wote anaowafahamu Kiwangwa, Fukayosi mpaka Bagamoyo mjini hawafiki hata robo yake, na wengi wao hawanywi pombe kabisa.

Wafaransa wanapanuaje

Sisi watu wa Bagamoyo tunawafahamu Wafaransa tangu Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika na kuanzisha misheni mwaka 1868. Lakini tuliwajua kwa misheni, si kwa mizabibu. Nilipoamua kurudia ile kazi ya darasani kwa ajili yangu mwenyewe, niligundua kwamba mkulima wa Ufaransa haamki tu asubuhi akapanda.

Tangu mwaka 2016, katika nchi za Umoja wa Ulaya, mkulima anayetaka kupanda mizabibu mipya ya mvinyo lazima apate kibali, na eneo jipya linaloruhusiwa kwa nchi nzima kwa mwaka halizidi asilimia 1 ya mizabibu iliyopo. Akishapanda, husubiri hadi karibu mwaka wa tatu ndipo zabibu ziweze kutoa mvinyo unaobeba jina la eneo lake. Na hata hapo, kila eneo lenye jina limewekewa ukomo wa kiasi cha mvinyo kwa hekta. Maeneo mengi ukomo huo unazungukia lita 5,000 hivi kwa hekta, mengine zaidi, mengine pungufu.

Sasa linganisha. Ekari yetu ya mananasi imetupa lita 9,450 kwenye karatasi. Ukiigeuza kuwa hekta, ni zaidi ya lita 23,000. Hata ukikumbuka kwamba nanasi huchukua kama mwaka mmoja na nusu tangu kupandwa mpaka kuvunwa, bado hekta ya Kiwangwa inatoa juisi mara tatu ya hekta ya Mfaransa kwa mwaka. Yaani ardhi tunayo ya kutosha. Mfaransa analinda uchache wake kwa sheria, sisi tunataka kuongeza wingi ambao hatuna pa kuuweka.

Na hata wao, pamoja na ulinzi wote huo, wameumia. Mwaka 2023 huko Bordeaux, eneo maarufu kuliko mengi duniani kwa mvinyo, ulianzishwa mpango wa kuwalipa wakulima euro 6,000 kwa kila hekta ya mizabibu watakayong'oa, lengo likiwa karibu hekta 9,500. Mwaka huo huo serikali ya Ufaransa ilitangaza jumla ya euro milioni 200, zikiwemo fedha za Umoja wa Ulaya, za kuondoa mvinyo uliozidi sokoni ili ugeuzwe spiriti ya viwandani, ya kutengenezea vitu kama vitakasa mikono na manukato. Watu wanakunywa mvinyo mwekundu kidogo kuliko zamani, na mzabibu uliopandwa miaka ishirini iliyopita haujui hilo. Unaendelea kuzaa.

Ningekuwa najua haya wakati naandika insha yangu, nisingeanza na neno “wakope”.

Dodoma wameshapita njia hii

Huhitaji kwenda Ulaya. Dodoma ndiko nyumbani kwa mvinyo wa Tanzania. Zabibu zilianzia kwenye mashamba ya misheni, Bihawana ikitajwa sana, zikaenea kwa wakulima wadogo. Dodoma ina bahati ambayo Mfaransa hana: zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimefanya kazi ya aina za zabibu zinazofaa pale, na leo kuna viwanda kama CETAWICO kule Hombolo, na Alko Vintages, wenye Dompo ambayo wengi wenu hapa chuoni mnaijua bila kuelezwa.

Lakini historia yake ina vidonda. Serikali ilikuwa na kampuni yake ya mvinyo, DOWICO. Ilipodorora, mnunuzi mkubwa akatoweka, na wakulima wengi wakayatelekeza mashamba. Baadaye zao likafufuka, watu wakapanda tena kwa wingi, na tatizo likarudi kwa sura nyingine: zabibu zikiiva zote kwa wakati mmoja, matangi ya viwanda yanajaa, mkulima anabaki na tunda ambalo haliwezi kusubiri hata wiki. Zimekuwapo nyakati ambapo zabibu zimeoza shambani mwaka ambao mavuno yalikuwa mazuri.

Wakulima wa Dodoma walijifunza kitu ambacho mimi naona ni akili kubwa. Badala ya kuuza zabibu tu, baadhi yao hukamua na kuchachua wenyewe, wakahifadhi kile wanachokiita mchuzi wa zabibu, kisha wakauza kwa lita kwa wenye viwanda. Tunda linasubiri siku chache, mchuzi uliotunzwa vizuri kwenye tangi unasubiri miezi. Mwenye tangi anaweza kubishana bei, asiye na tangi anapokea anachopewa.

Kwa mjomba somo hili lilieleweka haraka kuliko la Bordeaux. Anajua ni nini kusimama kando ya barabara saa kumi jioni, mananasi yamelainika, dalali anakutajia bei huku anaangalia simu yake.

Kuongeza aina: lebo nne si mvinyo wa aina nne

Tulipofika kwenye aina nne za mvinyo, mjomba alikuwa na imani kwamba aina nyingi maana yake wateja wengi. Mimi pia niliandika hivyo kwenye insha.

Nilipochunguza, niliona mtengenezaji mdogo wa Ufaransa huongeza aina kwa sababu nyingine kwanza: ili kila tunda lipate kazi yake. Zabibu nyeusi aina ya Pinot Noir inaweza kutoa mvinyo mwekundu, wa waridi, na hata mweupe wenye povu, kwa sababu rangi imo kwenye ganda, si kwenye juisi. Zabibu zilizovunwa mapema, zenye ukali, zinafaa mvinyo wa povu. Zilizochelewa mtini, zenye sukari nyingi, zinafaa mvinyo mtamu. Shamba ni moja ila aina ni nne, na hakuna tunda linalotupwa.

Mfano mwingine nilioupenda uko Hawaii, kisiwani Maui. Miaka ya 1970 watu walipanda mizabibu kule Ulupalakua, na wakati wanasubiri ikomae, miaka ikipita bila mapato, wakaanza kutengeneza mvinyo wa mananasi, kwa kuwa kisiwa kilijaa mananasi. Mvinyo wa mananasi ulikuwa wa kuziba pengo tu, lakini mpaka leo wanauuza. Waliongeza aina kwa kutumia kile kilichokuwa tayari kinawazunguka, bila kununua ardhi mpya.

Ila kila aina ina hatari yake, na mjomba alikuwa ameshaionja bila kujua. Mwaka jana alijaribu kutengeneza mvinyo mtamu kwa kutia sukari kwenye mvinyo uliokwisha kuiva, akafunga kwenye chupa, akapanga kwenye rafu ya chumba cha nje. Usiku wa wiki ya pili, chupa tatu zikalipuka. Bibi alidhani ni majambazi! Kilichotokea ni kwamba hamira haikuwa imekufa yote. Ilikuta sukari mpya, ikaamka, ikatoa hewa, na hewa ikakosa pa kutokea. Mvinyo mtamu lazima uchemshwe kwa joto la kiasi ili kuua hamira, au uchujwe na kutiwa dawa inayoruhusiwa kwenye vyakula, kwa vipimo. Mvinyo wa povu nao unataka chupa nene zinazostahimili msukumo. Nilimwambia mjomba ukweli: “Aina mbili kati ya nne zako ni mabomu mpaka upate vifaa.”

Aina ya tano alitaka kuongeza siki kutokana na maganda. Wazo zuri, kwa sababu maganda huwa anawamwagia ng'ombe wa jirani. Lakini siki hutengenezwa na bakteria wanaogeuza kilevi kuwa tindikali palipo na hewa, na bakteria hao hao ndio adui wa mvinyo. Ukiviweka chumba kimoja, ukatumia mpira mmoja na ndoo moja, siku moja utafungua pipa la mvinyo ukute pipa la siki. Siki iwe na chumba chake, vyombo vyake na siku yake.

Halafu kuna vibali. Mvinyo unahitaji alama ya ubora ya TBS, ambao tangu mwaka 2019 ndio pia wanaosajili vyakula vilivyofungashwa. Unahitaji leseni ya TRA, ushuru wa bidhaa, na stempu za kielektroniki kwenye chupa. Kila aina unayoongeza ina majaribio yake ya maabara na makaratasi yake. Kwa kampuni kubwa hayo ni kazi ya ofisi moja. Kwa mjomba ni safari za Dar na nauli.

Bibi

Kuna jambo ambalo halikuwemo kwenye karatasi ya mjomba, wala insha yangu isingeliweza. Bibi ni mtu wa sala tano. Alijua mwanawe anatengeneza mvinyo, akawa kama haoni. Lakini habari ya hati alikuwa hajaambiwa vizuri. Jioni moja akaniita ukumbini.

“Mjukuu wangu, nasikia shamba langu linakwenda benki.”

Nikamwambia bado, bibi, ni mazungumzo.

“Mimi sikatai watoto wangu kutafuta. Lakini nanasi langu lisiingie kwenye pipa la pombe. Na hati yangu isitoke ndani ya sanduku kwa ajili ya pombe. Akitaka kulima, alime. Mwambie.”

Sikumbishia. Mahesabu yangu yote yalikuwa yanahesabu ekari 2 za bibi kama mali tu, wakati yeye ana neno la mwisho juu yake. Nadhani darasani tunakosa hili: kwenye biashara ya familia, dhamana ya mkopo ina mwenyewe, na mwenyewe ana dini yake, hofu yake na kaburi la mumewe pembeni ya shamba. Mkopo ukishindwa kulipwa, wa kwanza kuhama si yule aliyekopa.

Na muda ulikuwa unampinga mjomba. Mananasi mapya yangemchukua miezi 15 hadi 24 kuzaa. Marejesho ya mkopo yangeanza ndani ya miezi michache. Mwaka mzima angelipa deni la shamba lisilozaa kwa fedha za shamba linalozaa.

Tulichoamua

Kabla ya kuamua, nilimwomba mjomba tufanye jambo moja: tuzunguke hoteli chache za Bagamoyo mjini, bila chupa, tukaulize tu. Majibu yalifanana. Wangependa kitu cha hapa hapa cha kumpa mgeni, lakini kiwe na alama ya TBS, na kipatikane mwaka mzima. Mmoja aliuliza, “Mwezi wa sita utakuwa nao?” Mjomba hakuwa na jibu, kwa sababu mananasi yake mengi huiva mwisho wa mwaka.

Swali hilo ndilo lililotupa mpango. Badala ya kupanua shamba, tukaamua kupanua kalenda. Nanasi lina tabia njema: mche ukishakomaa unaweza kuulazimisha utoe maua kwa dawa, na kuanzia hapo tunda huchukua kama miezi 5 hadi 6 kuwa tayari. Wakulima wa Kiwangwa wanaijua mbinu hii, wanaitumia kuwahi bei. Sisi tutaitumia kugawa ekari 3 za mjomba katika vipande 6, kila kimoja kikipigwa dawa miezi 2 baada ya mwenzake.

Angalia kinachotokea kwenye mapipa. Mapipa 6 yakijazwa mara moja kwa mwaka yanatoa lita 960. Yakijazwa kila miezi 2 yanatoa lita 5,760, yaani chupa 7,680, kwa mapipa yale yale. Bado ni sehemu ndogo ya mananasi yake, na hiyo ni sawa: makubwa mazuri yataendelea kwenda sokoni kama tunda, madogo na yaliyochubuka ndiyo yataingia kwenye mvinyo.

Mvinyo utaanza wa aina moja, mkavu, ambao haulipuki. Ukishapata kibali na wanunuzi watatu wa uhakika, ndipo tutafikiria mtamu. Fedha za kuanzia ni za mkopo mdogo usiogusa hati ya mtu, kwa ajili ya kipima sukari, chumba chenye sakafu ya kusafishika, mapipa 4 ya nyongeza na gharama za vibali. Ekari za bibi ziko pembeni kabisa. Mananasi yake yatauzwa kama tunda, na shangazi anataka kujaribu kuyakausha na kutengeneza jemu, vitu ambavyo bibi mwenyewe atavila.

Sina hakika kama itafanikiwa. Kipande cha kwanza kilipigwa dawa mwezi wa pili, nikiwa nimesharudi chuoni. Mjomba ananitumia picha kwa simu.

Maswali ya kubeba

Kama nyumbani kwenu kuna mtu anataka kupanua, iwe ni mvinyo, maziwa, samaki au mihogo, nashauri mkae naye na maswali haya kabla ya kugusa fomu ya mkopo:

1. Mzigo ukija wote wiki moja, utauweka wapi, na utakaa siku ngapi kabla ya kuharibika?
2. Ni kitu gani kinachojaa kwanza: shamba, chombo, au mteja? Hicho ndicho cha kupanua.
3. Bidhaa mpya inatumia kitu unachokitupa sasa, au inahitaji ununue kitu kingine?
4. Marejesho yanaanza lini, na mavuno yanaanza lini?
5. Dhamana ni ya nani, na mwenyewe ameulizwa?

Ile karatasi yangu ya darasani bado ninayo. Alama zake si nzuri, lakini nimeikunjua na kuibandika ukutani chumbani, upande wenye wino mwekundu ukiwa nje.